Salamu za Saa Tisa Usiku

Ukoo wa mume wangu una watu wengi kuliko wanafunzi wa baadhi ya shule za hapa Malava, na nusu yao wanaitwa majina yaleyale. Wakabras, kama Waluhya wenzao, hawamwachi marehemu apotee. Mtoto akizaliwa hupewa jina la mzee aliyetangulia, mjukuu naye akijaliwa hulirudia, na juu yake hupachikwa jina la ubatizo ambalo pia limetoka kwenye orodha fupi. Simama kwenye matanga yetu uite "Joseph" pamoja na jina la ukoo (jina lenyewe Senje, shangazi wa mume wangu, amenikataza kuliandika), watageuka wazee kadhaa, vijana wawili, na mtoto mmoja anayechezea matope nyuma ya hema.

Hata hivyo hatukuwahi kuchanganyana. Kuna Joseph wa Samitsi, Joseph wa Tinga aliyeendesha matrekta ya miwa hadi mgongo ukakataa, Joseph Mrefu, na Joseph Jeshi ambaye hajawahi kuwa mwanajeshi. Baba mkwe wangu, ambaye wanangu walimwita Kuka, naye alikuwa Joseph, na ndiye aliyekuwa katibu wa chama cha ukoo tangu kianzishwe. Kazi ya chama ni moja: mtu akifa kila nyumba inatoa mchango, ili hema, viti, jeneza na chakula cha waombolezaji visimwangukie mjane peke yake.

Kuka aliendesha chama hicho kwa daftari kubwa la jalada gumu. Safu ya kwanza ilikuwa ya majina, ya pili namba za simu, ya tatu na ya nne michango. Safu ya mwisho haikuwa na kichwa, na ndiyo iliyokuwa akili ya daftari zima. Humo aliandika kwa penseli: "Mpigie mkewe, yeye hasikii vizuri." "Asiombwe kabla ya malipo ya miwa." "Hawa wawili hawasemezani tangu kesi ya mpaka. Kila mmoja aambiwe kivyake." Mbele ya jina la mama mmoja wa Chegulo aliyefiwa na mwanawe aliandika neno moja tu: "polepole". Mimi ni mwalimu, nimeshika rejista za kila aina, na sijaona iliyotunzwa kuliko ile.

Kuka alipofariki, ukatibu ulimwangukia mume wangu. Baba Watoto ni mtu mwema, lakini cheo kikimgusa kinamwingia mwilini. Mwezi haukuisha kabla hajachongesha muhuri. Halafu akaanza kulionea haya daftari. Alijaribu kundi la WhatsApp, ila kundi hilo lilikuwa limeshageuka soko: picha za maua zenye maneno ya asubuhi njema, wanaotaka udiwani, mtu anauza ndama, mwingine anauliza nani ana namba ya fundi wa choo. Tangazo la msiba likiangukia humo, wengine walilisoma maziko yamepita. Na wazee wenye simu za kabambe, zile zisizobeba WhatsApp, hawakuwa humo kabisa.

Desemba ikafika, mabasi ya Nairobi yakaanza kutumwagia jamaa zetu stendi ya Malava, na miongoni mwao akashuka mpwa wa Baba Watoto, kijana wa kompyuta, laptopu mgongoni.

"Anko," alisema, akifunua daftari la Kuka kwa ncha ya kidole, "hivi ni vitu vya wakati wa mkoloni. Siku hizi kuna programu inayotunza watu."

Programu hizo si uchawi. Makanisa yanazo, mashirika yanazo, vyama vya akiba vinazo. Kila mtu anafunguliwa ukurasa wake, kurasa zinaunganishwa kwa undugu na kwa makazi, kisha juu yake zinaandikwa kanuni: jambo fulani likitokea, tuma ujumbe fulani, jina likionekana mara mbili, unganisha, mtu akifariki, mwondoe kwenye orodha ya wanaodaiwa na utangaze. Kanuni zenyewe hazikai kwenye simu ya katibu wala kwenye laptopu ya mpwa. Zinakaa kwenye seva mahali pengine kabisa, na saa ya huko ndiyo inayoziamsha, mwenyewe awe macho au amelala. Hilo la seva mpwa hakulitaja. Mimi wakati huo nilichojua ni kwamba meza yangu ya chakula imetekwa, na kwamba wiki nzima ya Krismasi tutakula tukiwa tumeshika sahani mkononi.

Kuingiza majina ndiko kulikozaa balaa. Programu ilitaka tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu, ikaiwekea kinyota chekundu, maana yake bila hiyo husongi mbele. Sasa nenda kamuulize mzee wa Kambi ya Mwanza alizaliwa tarehe ngapi. Kuandikisha vizazi kulienea Kenya nzima mwaka 1971 tu. Waliozaliwa kabla ya hapo huku mashambani, wengi wao kitambulisho kiliandikwa kwa kukadiria, tena mwaka peke yake. Mama mkwe wangu, Kukhu, alipoulizwa alijibu kwamba alizaliwa wimbi likivunwa, mvua ikachelewa, na mkunga alikuwa bibi fulani mwenye jicho moja. Maelezo mazuri kabisa, ila hayaingii kwenye kisanduku. Mpwa akaandika mwaka wa kukisia. Programu, ilipopewa mwaka bila siku wala mwezi, ikajijazia yenyewe: Januari 1. Ikafanya hivyo kwa Kukhu, kwa Senje, kwa Joseph wa Samitsi, kwa karibu kila mwenye mvi katika ukoo. Hakuna aliyeigutukia, kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda mbio na mpwa alikuwa anasifiwa.

Jina la Kuka nalo liliingizwa, kwa heshima, kama katibu mwanzilishi. Ukurasa wake ulipofunguka kulikuwa na kisanduku kidogo kilichoandikwa "marehemu", cha kutiwa alama. Nilimwona Baba Watoto akikitazama. Mkono wake ulikwenda, ukasimama, ukarudi. "Hicho tutakijaza baadaye," alisema, na mpwa akapita.

Kisha wakaandika salamu. Mpwa alieleza kwamba programu inaweza kumtakia kila mtu heri siku yake ya kuzaliwa, bila katibu kuinua kidole. Baba Watoto alivutwa na wazo hilo akaomba aandike maneno mwenyewe. Aliyapima jioni nzima. Yakatoka hivi: "Mpendwa" (hapo mashine inaweka jina), "ukoo mzima unakutakia heri ya siku ya kuzaliwa na miaka mingi mbele yako. Karibu nyumbani kwa Katibu tusherehekee pamoja. Mungu akubariki." Alidhani atakuja mmoja leo, mwingine mwezi ujao, wanakunywa chai wanaondoka. Meseji moja ya simu hubeba herufi 160, ikizidi inahesabiwa mbili na kulipiwa mbili. Mpwa alishauri wakate baraka ili waweke mstari wa namna ya kujitoa, kama ule wa *456*9*5# ambao Wakenya tumezoea kuuona mkiani mwa matangazo. Baba Watoto akasema baraka hazikatwi. Jina la mtumaji nalo halizidishi herufi 11, nafasi ikihesabiwa, nao wakafurahi walipogundua kwamba UKOO MALAVA inaingia pasipo kubakiza hata moja.

Jina la mtumaji la aina hiyo lina tabia moja muhimu kwa kisa hiki: huwezi kulijibu.

Mwaka ukageuka. Tuliimba kanisani, tukarudi, tukalala. Seva ilikuwa imepangiwa kutuma saa sita kamili ya usiku, ila saa yake ilikuwa ile ya kimataifa inayofuata Greenwich, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa tatu. Kwa hiyo salamu za Katibu ziliingia kwenye simu za ukoo saa tisa usiku.

Asiyeishi huku hajui maana ya simu kulia saa tisa usiku. Hakuna anayekutafuta saa hiyo kukupa habari za harusi. Kutoka Matete mpaka Butali watu waliketi vitandani mioyo ikidunda, wakapapasa miwani, wakatafuta wajukuu wa kuwasomea. Na kwa kuwa UKOO MALAVA haijibiwi, walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: walimpigia Katibu. Simu yake ilianza kulia, ikakatika, ikalia. Kila anayepiga aliuliza swali moja, "Nani?", kwa maana ya nani amekufa, na Baba Watoto, mwenye usingizi, akawa anajibu, "Hakuna, ni siku yako ya kuzaliwa," jibu ambalo halikumtuliza hata mmoja.

Mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Kukhu, tochi mkono mmoja, simu mkono wa pili. Simu ile haikuwa yake, ilikuwa ya Kuka. Kukhu hajawahi kuizima. Anaichaji kila Jumamosi na kuitilia kredo ya shilingi chache, kwa sababu aliambiwa namba ikilala miezi bila kutumika hupewa mtu mwingine, na bado kuna watu wa mbali, rafiki wa zamani wa Kuka, wanaopiga bila habari. Yeye ndiye huwaambia.

Hakukaa. Alimnyooshea mwanawe ile simu.

"Nani anamwita Joseph nyumbani?"

Baba Watoto alisoma. Miaka mingi mbele yako. Karibu nyumbani. Nilimwona akitafuta pa kuanzia.

"Ni mashine, Mama."

"Mashine imejuaje kwamba alizaliwa leo?"

"Haijui. Inakisia."

"Mimi nimeishi naye na siku hiyo sikuijua. Yeye mwenyewe hakuijua. Sasa anayekisia ndiye anatuamsha?"

Hakungoja jibu. Nilimsindikiza hadi nyumbani kwake, nikawasha jiko, tukakaa mpaka jogoo wakaanza. Hakulia. Alisema tu kwamba simu ilipolia gizani, kabla hajazinduka vizuri, alimwambia Kuka aipokee. Nilimmiminia chai. Sikumwambia kitu, na nadhani hakutaka kitu.

Kulipopambazuka Baba Watoto alimtoa mpwa kitandani kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Kijana akafungua laptopu, akabonyeza hapa na pale, akatangaza: "Nimeinyamazisha, Anko." Kweli alikuwa ameinyamazisha. Vile visanduku vya manjano vilivyokuwa vikichomoza kwenye kioo chake kusema ujumbe umetumwa, kosa limetokea, ukurasa umebadilishwa, havikuchomoza tena. Alichozima ni taarifa za kazi, si kazi yenyewe. Mtu aking'oa kengele ya mlangoni, wageni hawaachi kuja. Anachopoteza ni habari kwamba wamefika. Kuanzia dakika hiyo programu iliendelea kutuma na kubadilisha, na yeye hakuona kitu.

Wageni nao hawakukawia. Mkumbuke ilikuwa Mwaka Mpya, jamaa wa mjini wote wapo mashambani, kazi hakuna, shule zimefungwa. Mtu ametumiwa salamu zenye neno "karibu", afanye nini? Wa kwanza walikuwa mume na mke kutoka Butali, wamepakiwa kwenye bodaboda moja na kilo mbili za sukari na mkate. Kufikia saa nne miti yote yenye kivuli ilikuwa na watu. Wakwe wa shemeji yangu mdogo walikuja wamevaa vizuri kupita wote. Mahari yao haijamalizika, na kwa kuwa waliitwa rasmi na Katibu kusherehekea, waliamini ng'ombe waliobaki wamepatikana. Shemeji alipowaona langoni aliruka ua akaelekea msituni.

Nani asiyejua Njaanuari? Pesa za Krismasi zimekwisha na karo inakuja. Banda langu la kuku lilikuwa limeshalipa kodi ya sikukuu. Waliobaki ni mmoja aliyekuwa akiatamia na jogoo wa Kukhu, ambaye hakuna aliyethubutu kumwangalia mara mbili. Na kwa Mluhya mgeni wa heshima haondoki hajaonja ingokho (kuku). Nilituma watoto kwa majirani, wakarudi na kuku na bei ambazo naona aibu kuzitaja. Tatizo halikuishia hapo. Imondo (firigisi), kuku akichinjwa, ni ya mzee anayestahili. Siku hiyo walikuwa wazee watupu, na kila mmoja, kwa mujibu wa meseji aliyonayo mfukoni, ndiye mwenye sherehe. Zilikatwa vipande ambavyo paka angevilalamikia.

Sitadanganya kwamba yote yalikuwa karaha. Mzee mmoja wa upande wa Matete, koti lake limefungwa vifungo vyote kwenye jua lile, aliomba nimsomee tena ile meseji mbele ya watu. Alisema amezika rika lake lote, amesomesha watoto, na hajawahi hata siku moja kuambiwa na mtu heri ya kuzaliwa. Hakujali kwamba tarehe ni ya uongo. "Ya kweli iko wapi?" aliuliza, akacheka. Baba Watoto, ambaye tangu asubuhi alikuwa akijificha kwenye miwa kwa kisingizio cha kukagua mfereji, alisikia hayo akajitokeza kupokea shukrani.

Angebaki huko huko.

Baadhi ya wageni walilalamika kwamba wametumiwa salamu mara mbili, kwa sababu wana laini mbili. Mpwa, akitaka kuonekana anatengeneza, alifungua tena laptopu. Kwanza alitia alama ya marehemu kwenye ukurasa wa Kuka, jambo lililokuwa sawa na lililochelewa. Kisha akaona kitufe cha "Unganisha zote". Kanuni ya kuunganisha, kama walivyoiacha, ilitazama jina la kwanza na la mwisho basi. Kwa ukoo wa Wajerumani pengine inatosha. Kwetu, kitufe hicho kilichukua kina Joseph wote, wa Samitsi, wa Tinga, Mrefu, Jeshi na Kuka, kikawafanya mtu mmoja mwenye namba za simu nyingi. Ukurasa uliobaki hai ulikuwa wa Joseph wa Samitsi. Alama iliyoshinda ilikuwa ya marehemu. Mpwa hakuonyeshwa onyo lolote, kwa maana maonyo yote alikuwa ameyanyamazisha asubuhi.

Saa sita mchana kazi nyingine ya seva iliamka, ile ya misiba. Ilitafuta nani amebadilika kuwa marehemu, ikampata.

Simu zililia kwa pamoja chini ya miti. "Kwa masikitiko makubwa, ukoo unatangaza kifo cha mpendwa wetu Joseph wa Samitsi. Mchango ni shilingi 500 kwa kila nyumba. Tuma kwa Mhazini leo." Mama mmoja alianza kupiga yowe kabla hajamaliza kusoma. Waliokaa karibu na marehemu walimgeukia. Alikuwa na bawa la kuku mkononi.

Aliletewa simu, akasomewa. Akatafuna, akameza, akafuta vidole kwa utaratibu.

"Wametuma ngapi?"

Mhazini, mwanamke makini kutoka Kambi ya Mwanza, alisema pesa zinaingia. Za walio mbali, wasiomwona akila. Joseph wa Samitsi akavuta kiti karibu naye akaomba asomewe majina kadiri yanavyoingia. Alikaa hapo mchana wote. Kila jina lilipotajwa alitikisa kichwa kwa kuridhika, na kila alipokumbuka jina ambalo halijatajwa aliuliza, "Na huyu? Bado?" Jioni alikuwa na orodha yake mwenyewe, kwa mwandiko wake, ya waliomlilia na waliomsahau, ameikunja mara nne, na mpaka leo anaitumia kuamua nani wa kumwazima jembe la ng'ombe.

Senje hakuona cha kuchekesha. Kwake neno la kifo likishatamkwa juu ya mtu mzima haliachwi likazurura. Alitaka kuku achinjwe na wazee waseme la kulifuta. Akaambiwa kuku hayupo. Akatazama upande wa jogoo wa Kukhu, Kukhu akamtazama yeye, wakakubaliana kwa sala. Sala ilikuwa ndefu na Joseph wa Samitsi aliitikia amina kuliko wote.

Hapo ndipo akasimama binamu anayesomea sheria Nairobi. Aliwakumbusha kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019, na Kamishna wake, Immaculate Kassait, aliingia kazini Novemba 2020. Alisema mwenye habari zake ana haki ya kuambiwa zinatumiwaje, ya kukataa zisitumiwe, na ya kusahihishiwa zilizo za uongo. Septemba 2023 ofisi hiyo iliipiga kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine na kuwasumbua wenyewe kwa simu na meseji. Watu waliguna. Kila mmoja pale anamjua mtu aliyepigiwa na mkopeshaji kwa deni la jirani, kisa namba yake ilikuwa kwenye simu ya jirani.

"Mimi kufa," aliuliza Joseph wa Samitsi, "ni habari ya uongo kisheria?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Basi Katibu asahihishe. Lakini pesa zisirudishwe upesi."

Usiku ule binti yangu aliye kidato cha tatu alifukuza wanaume wote mezani, akafungua ile programu, mimi nikakaa kando na daftari la Kuka. Nilimwambia anionyeshe ujumbe unaanzia wapi, si unapoishia. Ilimchukua muda, kwa kuwa mpwa alituelekeza kwenye mipangilio ya kioo, na kioo hakikuwa na hatia. Alipata orodha ya kazi za kujiendesha, zimejipanga na saa zao. Nyingine hatukuwahi kuziomba. Zilikuja na programu zikiwa zimewashwa. Kulikuwa na moja ya kuwakumbusha wenye deni kila usiku, na nyingine ya kuhamisha anwani ya mke kila mume anapobadilishiwa anwani, jambo ambalo kwa nyumba mbili tatu za ukoo huu lingevunja ndoa. Tulizima zote, kisha tukaanza kuuliza ipi inastahili kuwashwa. Nadhani huo ndio mpangilio wa haki, na programu nyingi zinaufuata kinyume.

Kuwatenganisha kina Joseph kulikuwa kugumu zaidi. Kitabu cha namba cha Google, kwa mfano, unaweza kukirudisha kilivyokuwa siku yoyote ndani ya siku 30 zilizopita. Programu yetu haikuwa na njia hiyo ya kurudi, wakishaunganishwa, wameunganishwa. Tuliwazaa upya mmoja mmoja kutoka kwenye daftari. Kanuni ya kuunganisha tukaibadilisha idai namba ya kitambulisho ilingane, na hata hapo iulize kwanza. Tarehe zote za Januari 1 zilifutwa, na kinyota chekundu kikaondolewa. Kwenye ukurasa wa Kuka tuliweka alama mbili, ya marehemu na ya "usitume", kwa sababu ya kwanza peke yake sikuiamini tena. Namba yake hatukuifuta. Kisha, katika sehemu ya maelezo ambayo mpwa aliiacha tupu kwa watu wote, binti alianza kunakili ile safu ya mwisho isiyo na kichwa. Mpigie mkewe. Asiombwe kabla ya malipo ya miwa. Polepole. Hiyo ndiyo iliyotuchukua wiki.

Baba Watoto alipinga kidogo, kwa ajili ya muhuri, halafu akakubali. Sasa ukoo una kazi moja tu inayojiendesha: ukumbusho wa mchango, Ijumaa saa nne asubuhi kwa saa ya Malava, wenye mstari wa kujitoa na bila baraka. Tangazo la msiba haliondoki mpaka Katibu na Senje wote wawili wathibitishe, na Senje hathibitishi hadi azungumze na mtu wa nyumba iliyofiwa kwa sauti yake. Maonyo ya kwenye kioo tuliyarudisha yote, yachomoze yanavyotaka. Salamu za kuzaliwa ziliondolewa kabisa, isipokuwa mzee wa Matete alituma ujumbe kwamba ya kwake anaitaka kila mwaka, tarehe ileile. Atapigiwa simu na mtu, asubuhi kumekucha.

Michango ya Joseph wa Samitsi ilirudishwa. Kutuma shilingi 500 kwa M-PESA kunatozwa shilingi 7, na waliochanga walikuwa wengi. Mhazini anamdai Katibu ada hiyo, Katibu anamdai mpwa, na mpwa hajapokea simu tangu Pasaka.